Khana: nyumba ya Kiajemi iliyojificha mwishoni mwa maneno

Fundi aliyeko karakana na Muismailia anayeelekea jamatkhana, nyumba yake ya ibada, wanatumia neno moja: khāna, yaani nyumba kwa Kiajemi. Kwa bahati mbaya asili yake huelezwa ovyo, hata na watu waliosoma.

Dhana: Khana ni Kiarabu.
Ukweli: Waarabu wana bayt na dār. Khāna ni Kiajemi. Zama za Wasasani, ukoo wa wafalme wa Uajemi (224–651), lilitamkwa xānag, x ikiwa sauti ya kh. Baadaye g ya mwisho ikadondoka. Kabul husema khāna, na watu wa Tehran katika mazungumzo husema khune. Hata hivyo g haikupotea kabisa: ukiongeza kiambishi tamati inajitokeza tena, kama katika khānegi, "ya nyumbani".

Dhana: Ndilo neno la nyumba katika maandishi ya Dario, mfalme wa Uajemi ya kale.
Ukweli: Kiajemi cha kale cha maandishi hayo kina vith kwa nyumba ya kifalme, na kasri la Dario pale Persepolis, mji wake wa kifalme, linaitwa tachara. Avesta, maandiko matakatifu ya Wazoroastria, nayo ina demāna, ndugu wa mbali wa domus ya Kilatini. Katika Kiajemi cha leo demāna limebaki kipande tu, mān, nalo limeshikana na mwenzake katika khānomān, nyumba na vyote vya nyumbani.

Dhana: Ni lile khana la chakula.
Ukweli: Khānā la Kihindi, kula au chakula, lina mzizi wa Kisanskriti khād. Anayesoma Kiurdu hawezi kuyachanganya: nyumba ni خانہ, huanza na khe na kuishia na he, chakula ni کھانا, huanza na kāf yenye pumzi na kuishia na alif. Tatizo huja tunapoyaandika yote kwa herufi za Kilatini.

Dhana: Khan, hazina na balkoni ni ukoo mmoja na khana.
Ukweli: Cheo cha Khan kina asili ya Asia ya Kati, kwa Waturuki na Wamongolia. Khan ya wasafiri, yaani nyumba ya kulala wageni, kama katika jina Khan el-Khalili la Cairo, ndiyo ya ukoo wa khana. Hazina ni Kiarabu, mzizi kh-z-n. Balkoni ilitoka Kiitaliano, na simulizi ya bālākhāna, "nyumba ya juu", inavutia lakini si kweli.

Dhana: Hane la Kituruki ni la Waturuki wenyewe.
Ukweli: Walilichukua kwa Waajemi, kisha wakalisaga. Hasta (mgonjwa) na hane zilikuwa hastahane, leo ni hastane, hospitali. Kahvehane, nyumba ya kahawa, ilivuka hadi kwa Waserbia ikawa kafana.

Dhana: Karakana ni neno letu tangu zamani.
Ukweli: Ni kār, kazi, na khāna. Kiswahili hakikupenda r na kh zishikane, kikachomeka a katikati. Kh ikawa k. Angalia pia mpangilio: Muajemi husema "kazi-nyumba", sisi "nyumba ya kazi". Kwa hiyo khana ya kweli hukaa mwisho, na kinachobaki ukiikata lazima kiwe neno lenye maana. Jamatkhana inafaulu: jamaa ya Kiarabu mbele, nyumba ya Kiajemi nyuma, na njia iliyopita ni India. Gymkhana, jina la klabu ya michezo ya Dar es Salaam, haifaulu kwa urahisi, kwa sababu mbele yake paliharibiwa: kwa Kihindustani ilikuwa gend-khāna, nyumba ya mpira, na Waingereza wakaivuta kuelekea neno lao la mazoezi ya viungo.

Kār hiyohiyo iko katika serikali. Wanaosema ni "siri kali" wamekosea: ni sarkār, sar (kichwa) na kār (kazi), ambayo kwa umbo la sarkārī ina maana ya "ya utawala". Mdomo wa Mswahili uligeuza r ya mwisho kuwa l.