PrEP: wanayodhaniwa wahudumu wa afya, na wanayofanya hasa

Kenya ilianza kutoa PrEP, tembe ya kila siku ya kumkinga mtu asiambukizwe VVU, katika vituo vya umma mwaka 2017. Dawa yenyewe imethibitika: utafiti wa Partners PrEP, uliofanyika Kenya na Uganda kwa jozi 4,747 za wapenzi ambao mmoja wao ana virusi, ulionyesha kuwa tembe yenye dawa mbili ilipunguza maambukizi kwa asilimia 75. Yanayopotosha watu ni mambo yanayoaminiwa kuhusu wanaoitoa.

"Lazima umwone daktari." Si lazima. Muuguzi au afisa wa kliniki aliyefunzwa anatosha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 unaunga mkono hilo, na unasema kijana wa chini ya miaka 30 asiye na maradhi yanayogusa figo anaweza kuanza bila kipimo cha figo. Kipimo cha VVU ndicho kisichorukwa.

"Kumpa msichana PrEP ni kumruhusu afanye umalaya." Hii inaniuma kuliko zote, kwa sababu wapo wahudumu wanaoiamini. Binti wa miaka 20 anafika, anaulizwa mbele za watu kama ameolewa, kama mamake anajua. Anaondoka, na harudi. Lakini aliyekuja kuomba kinga ameshaijua hatari yake: pengine mpenzi wake hataki kupimwa, pengine akitaja kondomu anapigwa. Muuguzi afunge mlango, apime, aeleze, ampe na kondomu, maana PrEP haizuii kaswende, kisonono wala mimba. Mahubiri hayamo katika kazi hiyo.

"Akishapewa kopo, basi." Kazi ndiyo kwanza inaanza. Wiki za mwanzo wengine hupata kichefuchefu au kuumwa kichwa, na asiyeambiwa mapema kwamba hali hiyo hupita huziacha tembe. Mwanamke aelezwe pia kwamba anahitaji kumeza siku 7 mfululizo kabla ya kuitegemea kinga hiyo. Baada ya mwezi mmoja hurudi, kisha kila miezi mitatu, apimwe tena VVU. Aliyeambukizwa akiendelea na PrEP peke yake, virusi vyake vinaweza kuwa sugu kwa dawa. Na aliyeacha kwa kuwa hatari imepita asigombezwe. Akihitaji tena, atapimwa na kuanza upya.

"Anayeimeza ana virusi." Kopo lake hufanana na la ARV, dawa za wenye virusi, na mara nyingi foleni ni ile ile. Ndiyo maana kutolea PrEP katika kliniki ya uzazi wa mpango huwapunguzia wanawake wengi hofu ya kuonwa.