Mkulima wa Korosho Analipa Kodi, Tena Kabla ya Kushika Hela Yake

Nimelisikia tena juzi, safari hii kutoka kwa mtaalamu aliyekuja kutuelekeza sisi watu wa mipango namna ya kuandika wasifu wa wilaya. Akasema halmashauri za vijijini ni mzigo kwa Hazina kwa sababu wakulima hawalipi kodi. Hakulijenga, hakulitetea. Akapita kwenda slaidi nyingine, na ukumbi mzima ukanakili. Neno hili nimelikuta kwenye ripoti, nimelikuta kwenye vikao vya bajeti, nimelikuta hata midomoni mwa watoto wa wakulima waliokwisha kupata ajira mjini. Basi leo nalijibu kwa kirefu.

Chukua Tandahimba, kwa kuwa hapo jambo liko wazi kuliko kwingine. Wilaya hii iko juu ya uwanda wa Makonde, mkoani Mtwara. Ilimegwa kutoka Newala, na upande wa kusini mto Ruvuma unaitenga na Msumbiji. Udongo wake ni wa kichanga: mvua inanyesha, maji yanazama, na vijiji vingi vya juu havina kijito. Ndiyo sababu mradi wa maji wa Makonde ulianza tangu miaka ya 1950, na mpaka leo maji hayakosi kwenye ajenda. Udongo huohuo unaomnyima mtu maji ndio mkorosho unaoupenda. Muhogo upo, mbaazi zipo, ufuta upo, lakini ukiitoa korosho kwenye sura ya uchumi, hiyo sura haina tena cha kueleza.

Sura nyingine za wasifu nazipita. Idadi ya kata na vijiji, shule, zahanati, hayo yote yanapatikana. Niseme tu kwamba barabara za vijijini ziko chini ya wakala wa barabara, TARURA, tangu 2017 na maji ya vijijini yako chini ya wakala wa maji, RUWASA, tangu 2019, kwa hiyo diwani anayebanwa mkutanoni kwa kalavati au pampu anabanwa kwa vitu ambavyo halmashauri yake haina tena fungu lake.

Turudi kwenye kodi. Nakubali mapema kwamba sehemu kubwa ya bajeti ya halmashauri yoyote ya vijijini inatoka Hazina. Mishahara ya walimu na wauguzi peke yake ingemeza makusanyo yote na isitoshe. Hilo halina ubishi. Lakini mshahara wa mwalimu hauamuliwi na baraza la madiwani, unapita tu. Fedha ambayo baraza linakaa na kuigawa kwa utashi wake ni mapato ya ndani: kumalizia boma la darasa lililojengwa kwa nguvu za wananchi, madawati, mafuta ya gari, posho za vikao. Asilimia 10 ya mapato hayo kisheria inakwenda kwenye mikopo isiyo na riba ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Na katika wilaya ya korosho, mapato ya ndani maana yake ni ushuru wa mazao.

Ushuru huo ni 3% ya bei. Zamani ulikuwa 5%. Bajeti ya 2017/18 iliushusha hadi 3% kwa mazao ya biashara na 2% kwa mazao ya chakula. Sasa hapa ndipo mabishano yanapoanza, na hapa ndipo uvumilivu wangu unapoisha. Ukimwambia mtu kwamba mkulima analipa ushuru, atakufungulia Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, akuoneshe kwamba mlipaji ni mnunuzi. Ni kweli, imeandikwa hivyo. Kisha anafunga kitabu kana kwamba kazi imekwisha.

Kazi haijaanza. Nenda kwenye ofisi ya AMCOS yoyote, yaani chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, baada ya mnada uangalie karatasi ya mjengeko wa bei. Juu kabisa ipo bei ya mnada. Chini yake vinashuka vitu: ushuru wa halmashauri, ushuru wa chama cha msingi, ushuru wa chama kikuu, usafiri hadi ghala kuu, gharama za ghala. Mstari wa mwisho ndio bei ya mkulima, inayoingia kwenye akaunti yake. Hebu niambie, huo ushuru wa halmashauri umetoka mfukoni mwa nani? Umeandikwa katikati ya bei ya mnada na bei ya mkulima. Aliyepungukiwa ni yule aliyesimama chini ya karatasi.

Na hata ukiuhamisha mstari huo, ukasema mnunuzi aulipe kando, juu ya bei ya mnada, matokeo hayabadiliki sana. Mnunuzi wa korosho ghafi anapiga hesabu kuanzia mwisho. Anajua kiwanda cha India au Vietnam kitamlipa kiasi gani, anatoa meli, anatoa bandari, anatoa ushuru wa kuuza nje, anatoa ushuru wa halmashauri, anatoa faida yake, na kinachobaki ndicho anachokiweka mnadani. Kila tozo inayokaa kati ya bandari na shamba inasukumwa kurudi nyuma mpaka imfikie asiye na mtu wa kumsukumia. Mkulima hana wa kumsukumia. Mkorosho wake hauhami, na gunia likishaingia ghala kuu, ameshalikabidhi.

Tuiweke kwa shilingi, kwa bei ya mfano. Kilo moja 2,500, gunia la kilo 80 ni shilingi 200,000. Ushuru wa halmashauri hapo ni 6,000. Mtu mwenye magunia 10 ameuza kwa milioni 2 na ameacha 60,000 halmashauri. Sasa angalia upande wa pili wa barabara: mwenye duka ambaye mauzo yake kwa mwaka hayazidi milioni 4 hatozwi kodi ya mapato hata senti. Sina ugomvi na mwenye duka, msamaha huo ni wa haki. Nauliza tu kwa nini mmoja anaitwa mfanyabiashara mdogo anayestahili kulelewa, na mwingine, mwenye nusu ya mauzo hayo na ambaye amekatwa, anaitwa asiyelipa kodi.

Kuna jambo zito zaidi ya kiwango chenyewe. Ushuru wa mazao hauangalii faida. Unakatwa kwenye mauzo ghafi. Mikorosho inapotoa maua, kuanzia katikati ya mwaka, ugonjwa wa ubwiriunga ukiingia bila kupulizia dawa ya salfa maua yanakauka na msimu umekwenda. Hata salfa ya ruzuku ikifika, mashine ya kupulizia inakodiwa, petroli inanunuliwa. Palizi inalipiwa, kuokota kunalipiwa. Mkulima aliyepata hasara na mkulima aliyepata faida wanakatwa 3% ileile. Kampuni ikipata hasara inapeleka mahesabu Mamlaka ya Mapato (TRA) na kodi yake ya mapato inashuka. Mkulima hana pa kupeleka mahesabu. Na hapo bado sijagusa ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje ya nchi, ambao ni 15% ya thamani bandarini au dola 160 kwa tani, ipi iwe kubwa. Mwaka 2018 wabunge wa Kusini waliugombania Bungeni kwa sauti kubwa, sheria ilipobadilishwa ili fedha yote iingie Mfuko Mkuu wa Hazina. Anayesema Tandahimba inaitegemea Hazina aanze kuhesabu na ile inayotoka Tandahimba kwenda Hazina.

Jambo la kalenda nalo linanikera, tena linawaumiza wenzangu wa idara ya fedha. Mwaka wa serikali unaanza Julai. Minada ya korosho inaanza Oktoba. Kwa hiyo Julai, Agosti na Septemba halmashauri ya korosho haina zao la kukusanyia, inaokoteza ufuta na mbaazi zilizobaki. Kisha inatoka orodha ya robo ya kwanza inayopanga halmashauri zote kwa asilimia ya makusanyo, na wilaya hizi zinaburuza mkia, na mkurugenzi anaitwa kujieleza. Ajieleze nini? Mkorosho ulikuwa na maua. Ikifika Desemba, halmashauri ileile inapongezwa kwa ubunifu wa ukusanyaji, na hakuna kilichobuniwa, korosho zimeuzwa. Ukitaka kuipima wilaya ya zao moja, linganisha msimu na msimu.

Hata makisio ya mapato yenyewe yanaandikwa mwanzoni mwa mwaka wa kalenda, kabla ua halijatokea na kabla yeyote hajajua bei ya Desemba. Mwaka 2018 ulitufundisha hilo kwa ukali. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000 na baadhi ya minada ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Makisio yakapandishwa kwa furaha. Oktoba 2018 wakulima wa Tandahimba na Newala wakaikataa bei ya mnada. Novemba Rais John Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 na jeshi litaisomba. Mkulima alitajiwa bei nzuri, ingawa wengi waliisubiri fedha kwa muda mrefu. Halmashauri za Kusini nazo zilikaa zikiusubiri ushuru wake, na kila kilichopangwa juu ya ushuru huo kikasimama. Boma la darasa lisiloezekwa linaliwa na mvua za masika bila kujali nani anamdai nani.

Sasa yale ambayo vitabu vya fedha za umma vinayaruka.

Sina hakika kwamba mkulima anaubeba ushuru wote. Msimu ambao wanunuzi wanagombania mzigo, huenda sehemu fulani wanaimeza wenyewe. Ushuru uliposhuka kutoka 5% hadi 3%, bei ya mkulima ilipanda msimu uleule, na wapo wanaosema ndiyo ushahidi. Lakini bei ya dunia ilikuwa juu wakati huohuo, na sijaona mtu aliyezitenganisha nguvu hizo mbili akanishawishi. Kwenye mahindi ni vigumu zaidi: mlanguzi ananunua shambani bila karatasi, mzigo usiozidi tani moja hausumbuliwi kwa ushuru ukivuka halmashauri, na mengine yanapita usiku.

Sina hakika pia na orodha ya wakulima. Kangomba, mlanguzi wa kijijini, ananunua korosho zikiwa bado maua, kwa bei ya kumkomoa mwenye njaa, halafu msimu ukifika anapeleka mzigo AMCOS kwa jina lake. Kwenye vitabu anasomeka mkulima hodari mwenye magunia mengi. Mwenye shamba hasomeki, au anasomeka na magunia mawili. Kwa hiyo wastani wa kipato unaouona kwenye wasifu wa wilaya umechanganya waliovuna na waliowavuna wenzao, na sijui njia nyepesi ya kuwatenga bila kwenda shamba kwa shamba.

Na idadi ya mikorosho ni makadirio. Afisa ugani mmoja, pikipiki moja, vijiji kadhaa. Anauliza, anatazama, anaandika. Mimi naziamini zaidi kilo za ghala kuu, kwa sababu zimepita kwenye mzani na kuna watu wengi wenye sababu ya kubishana nazo.

Kilo hizo ndizo ninazowashauri wanavijiji wazishike. AMCOS inajua imepeleka kilo ngapi na kila mnada uliuza kwa bei gani. Zidisha, chukua 3% ya jibu, jumlisha minada yote ya msimu. Hicho ndicho kiasi ambacho kijiji chenu kimechangia halmashauri. Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila miezi mitatu, na taarifa ya mapato na matumizi inapaswa kusomwa pale. Mkienda na hesabu yenu imeandikwa, mtendaji wa kijiji ataipeleka kwa mtendaji wa kata, na diwani ataingia nayo barazani. Kama haifanani na ya halmashauri, zipo sababu za kawaida, hasa mnunuzi aliyechelewa kulipa au korosho ya daraja la pili iliyouzwa kwa bei ya chini, na mhasibu ataweza kuitaja sababu hiyo mnada kwa mnada. Akishindwa kuitaja, mwambieni alete stakabadhi za benki.