Laini ina kelele: maana yake, na kwa nini intaneti ya kupiga simu hukatika

Mtu akisema "laini ina kelele", wengi tunafikiria mkwaruzo unaosikika sikioni. Kwa fundi wa simu neno hilo ni pana zaidi. Kelele ni umeme wowote ulioingia kwenye waya bila kualikwa, ukajichanganya na ule unaobeba mazungumzo. Mwanadamu anavumilia: husema "eti nini?" na mwenzake akarudia. Modemu, yaani kifaa kinachoiunganisha kompyuta na intaneti kwa kupiga simu kwenye laini ya mezani, haina subira hiyo.

Kazi ya modemu ni kugeuza data za kompyuta ziwe sauti, na kuzirudisha upande wa pili. Haina njia nyingine, kwa sababu laini ya simu ilitengenezwa kwa ajili ya maneno ya watu, nayo hupitisha sauti za baina ya hezi 300 na 3,400 hivi. Zile kelele za kukoroma na kupiga mluzi unapoanza kuunganisha ni modemu mbili zinasalimiana, zinaipima laini, kisha zinakubaliana kasi. Boksi limeandikwa kilobiti 56 kwa sekunde, lakini hiyo ni ya kupokea tu, tena laini ikiwa safi. Ukiunganishwa kwa 26.4, modemu imeshakwambia hali ya waya wako.

Kelele zikizidi katikati ya kazi, modemu husita, husalimiana upya na kushuka kasi. Hapo ndipo ukurasa unapoganda kidogo kisha ukaendelea. Lakini sauti ya mwenzake ikipotea kabisa, husubiri muda mfupi sana, kwa nyingi sekunde 1.4, halafu hukata simu. Muda huo unaweza kuurefusha: kwenye mpangilio wa modemu, mahali pa amri za ziada, andika ATS10=50, nayo itasubiri sekunde tano. Husaidia pale kukatika kunapoletwa na kitu cha kupita, kama ule mlio wa kukujulisha kuwa kuna simu nyingine inaingia. Waya mbovu hautatibika kwa amri hiyo.

Waya wenyewe, kwetu Unguja, una maadui. Shaba na hewa ya chumvi havipatani. Mji Mkongwe kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, zinashika unyevu siku nyingi baada ya mvua, na waya umepita juu yake kutoka nyumba hadi nyumba. Kila panapoungwa pana mlango wa maji. Shaba huota kutu ya kijani, mguso unalegea, na mkwaruzo unaanza. Ndiyo maana malalamiko hujaa masika. Ubaya wake ni kwamba jua likiwaka siku tatu laini inajiponya, fundi akija hakuti kitu, na wewe unaonekana mzushi.

Kabla ya kuilaumu kompyuta, nyanyua mkonga wa simu (nasema ule wa kushika mkononi, si huu mkonga wa baharini uliofika Dar es Salaam mwaka 2009). Bonyeza tarakimu moja ili mlio wa kupigia unyamaze, kisha sikiliza. Ikiwa kimya, sawa. Mkwaruzo wa kupasuka-pasuka mara nyingi ni maungio yaliyolegea au kulowa. Mvumo mzito usiokoma ni umeme wa nyumbani unaoingia, labda waya wa simu umelala sambamba na wa taa. Halafu chomoa simu zote, uchomeke moja tu pale waya unapoingilia nyumbani. Kelele zikibaki, tatizo liko nje na ni la kampuni. Zikiondoka, tafuta ndani: waya mrefu wa kuungaunga, plagi ya kugawa njia mbili, au simu ya chumba cha pili ambayo watoto huinyanyua wewe ukiwa kwenye intaneti.

Jirani yangu mmoja wa Mkunazini aliweka Windows upya mara mbili, kisha akanunua modemu mpya. Bado ikawa inakatika, tena jioni za mvua tu. Fundi alipopanda ngazi akakuta maungio yapo chini ya mlizamu, yamefungwa utepe uliokwisha kupasuka, maji yanayadondokea moja kwa moja. Akakata kipande cha waya kilichooza, akaunga upya na kuyahamishia maungio ndani ya dirisha. Ile modemu ya zamani, iliyokuwa imeshatupwa juu ya kabati, ikarudishwa mezani. Mpya akauziwa mtu mwengine.