Bonsai na maua ya Japani: yanayosemwa na yalivyo

"Bonsai ni aina ya mti mfupi."

Siyo. Bon ni sinia, sai ni kupanda: jina linataja namna ya kupanda, wala si mti. Msonobari wa kwenye sinia ukiupeleka ardhini utarefuka kama ndugu zake wa msituni, na mbegu yake itaota mti wa kawaida. Kwa hiyo anayekuuzia "mbegu za bonsai" mtandaoni anakuuzia jina. Hata mkwaju unafaa kufanywa bonsai. Majani hupungua ukubwa kwa kupogolewa, ila tunda halijui kwamba limezaliwa kwenye sinia; hubaki na ukubwa wake uleule.

"Mti umenyimwa chakula ndiyo maana umedumaa."

Hii ndiyo naisikia zaidi, na ndiyo inayoniudhi. Mti wenye njaa hufa. Bonsai hutiwa mbolea, humwagiliwa kila siku, na kwenye joto la Japani la Julai na Agosti hata mara mbili au zaidi. Kila baada ya miaka kadhaa hutolewa, mizizi ikapunguzwa, udongo ukabadilishwa. Watunzaji wenyewe wana usemi: kujifunza kumwagilia tu ni miaka mitatu. Upo msonobari mweupe wa ukoo wa Yamaki, unaolelewa siniani tangu 1625. Ulikuwa Hiroshima bomu lilipoanguka mwaka 1945, kama kilomita 3 tu kutoka hapo, ukapona. Mwaka 1976 ulipelekwa Washington kama zawadi, na bado u hai. Mateso gani hayo ya karne nne?

"Ni pambo la sebuleni."

Nenda Omiya, mkoani Saitama, ambako watunzaji kutoka Tokyo walihamia mwaka 1925 baada ya tetemeko la 1923. Miti iko nje, juani na mvuani. Ndani ya jumba la makumbusho lililofunguliwa pale 2010 huingizwa michache kwa zamu, kisha hurudishwa nje. Tena usiitazame kwa juu kama unayechungulia sufuria: kila mti una uso wake. Inama mpaka jicho lilingane na shina, nao utaonekana mrefu kuliko wewe.

"Maua ya Japani ni sakura."

Sakura, yaani ua la mcheri, ikishachanua kikamilifu hudumu kama wiki moja, basi. Ua la mplamu, liitwalo ume kwa Kijapani, huitangulia Februari; ajisai (haidrenjia) huja na mvua za Juni. Novemba ni zamu ya kiku, yaani krisanthemu: kwenye bustani ya Shinjuku Gyoen jijini Tokyo, shina moja hufunzwa kubeba mamia ya maua yaliyopangwa kama kuba. Kiku ndilo lililo kwenye pasipoti ya Japani na sarafu ya yeni 50. Sakura iko kwenye ya 100. Wakati wa baridi, mbele ya stesheni hupandwa kabeji za zambarau na nyeupe. Ndiyo, kabeji, na zinapendeza.

"Chini ya sakura unatandika mkeka na kunywa popote."

Shinjuku Gyoen huingii bila tiketi, na pombe ni marufuku. Kwenye maonyesho ya bonsai nako, soma kibao kwanza kabla ya kutoa simu. Kuna sehemu hairuhusiwi kupiga picha.