Koki ya maji ya kumwaga iacheni wazi

Jamani, nimeitwa tena Ujiji, mashine ya RO (ile ya kusafisha maji kwa kuyasukuma kwa presha kwenye kichujio) "imechoka". Kabla sijagusa kitu naona koki ya maji ya kumwaga (yale yasiyopita kwenye kichujio) imebanwa karibu yote. Nauliza nani kabana, naambiwa "fundi, yale maji yanapotea bure, na tukibana mashine inatoa mengi." Hii kauli imenichosha, kila duka la maji ni hiyohiyo.

Ukibana presha inapanda na ndoo zinajaa haraka, sibishi. Ila chumvi karibu yote haipiti kwenye membreni (ndicho hicho kichujio), inabaki upande wa kuingilia na hayo maji unayoyaonea huruma ndiyo yanaitoa nje. Piga hesabu mwenyewe: ukivuna maji safi nusu ya yanayoingia, chumvi kwenye yanayobaki inakuwa kama mara mbili, ukivuna robo tatu mara nne, ukivuna asilimia 90 ni mara kumi! Na haya maji yetu ya Ziwa Tanganyika pH yake inakaribia 9, magnesiamu imejaa, watu wanayaona maangavu wanadhani hayana kitu. Yakikolea yanagandisha ukoko, uleule wa kwenye birika.

Ukoko unaanzia membreni ya mwisho, huko ndiko maji yamekolea zaidi. Itoe uinyanyue, utasikia uzito umeongezeka. Kwangua ule unga mweupe kwenye ncha, udondoshee asidi kidogo, ukitoa povu hiyo ni kabonati. Sasa hapo mtu anaongeza presha ili maji yapande, anazidi kuukandamiza uchafu, halafu ananunua membreni mpya na koki anaibana vilevile!

Kuosha: kabonati inatoka kwa asidi ya sitriki, utelezi wa bakteria kwa dawa ya alkali. Vitabu vinasema anza na alkali, lakini ukweli uchafu mara nyingi unakuja umechanganyika na kwa kuangalia geji tu siwezi kukuapia ni upi. Ila usisubiri, maji safi yakipungua asilimia 10 mpaka 15 kwa presha ileile na joto lilelile, osha. Klorini isiguse kabisa membreni za poliamidi (aina ya plastiki), inazila na hazirudi.

Mashine ndogo isiyo na dawa ya kuzuia ukoko mimi naiweka nusu kwa nusu, nusu maji safi nusu ya kumwaga. Yale ya kumwaga yatafutie tenki lake, upigie deki na kumwagia chooni.