Je, wajua kwa nini faulo iliyoonekana na uwanja mzima haikuweza kusahihishwa?

Tarehe 20 Januari 2019, ndani ya uwanja wa Superdome mjini New Orleans, timu ya New Orleans Saints na ile ya Los Angeles Rams zilikuwa sare ya 20 kwa 20, na saa ya mchezo ilionyesha kuwa imebaki dakika 1 na sekunde 49. Mshindi angekwenda kucheza Super Bowl, fainali kuu ya futiboli ya Kimarekani. Drew Brees, kwotabeki (mchezaji anayerusha pasi) wa Saints aliyekuwa ametimiza miaka 40 siku 5 tu kabla ya mchezo huo, alirusha pasi upande wa kulia, alikokuwa akikimbilia Tommylee Lewis kando ya mstari wa pembeni. Mpira ukiwa bado hewani, mlinzi wa Rams, Nickell Robey-Coleman, alifika kwa kasi, macho yake yakiwa kwa Lewis na si kwenye mpira, akamgonga kwa bega na helmeti na kumwangusha. Lewis aliinuka huku ametandaza mikono. Watazamaji zaidi ya 70,000 walisubiri kitambaa cha njano ambacho mwamuzi hukirusha uwanjani anapoona faulo. Hakikurushwa.

Msomaji aliyezoea kandanda yetu atauliza mara moja: VAR ilikuwa wapi? Swali hilo ni la haki, kwa sababu Kombe la Dunia la 2018 lilikuwa limechezwa miezi michache tu kabla, na dunia nzima ilikuwa imeshuhudia marefa wakiitwa pembeni kutazama skrini na kurudi uwanjani kutoa penalti. Marekani nayo ilianza kutumia marudio ya video kuamua mambo ya mchezo huu mwaka 1986, miaka mingi kabla ya FIFA kufikiria jambo hilo. Picha zilikuwapo, kamera zilikuwapo, muda wa kutazama ulikuwapo. Kilichokosekana ni ruhusa ya kanuni.

Ili tuelewane, yafaa kwanza kueleza kilichokuwa kikigombewa. Katika mchezo huu timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea mbele yadi 10, na ikifaulu hupewa mengine manne. Saints walikuwa kwenye jaribio la tatu, mpira ukiwa yadi 13 kutoka kwenye mstari wa goli la Rams. Kanuni inasema kwamba pasi ikisharushwa, mpokeaji na mlinzi wote wana haki sawa ya kuufuata mpira, na asiruhusiwe mmoja wao kumgonga mwenzake kabla mpira haujafika. Mlinzi akivunja kanuni hiyo, mpira huwekwa pale pale faulo ilipotendeka, na timu iliyokosewa huanza upya majaribio yake. Kwa Saints hiyo ingekuwa na maana ya kuanza upya wakiwa yadi chache tu kutoka kwenye goli. Badala yake, jaribio lilihesabiwa kuwa limeharibika, na kwa jaribio la nne ikawabidi wampe kazi mpigaji wao, Wil Lutz, aliyepiga mkwaju wa yadi 31 na kuleta alama 3. Ikawa 23 kwa 20, na saa ilionyesha dakika 1 na sekunde 41.

Sasa turudi kwenye video. Marudio ya video yaliingizwa katika NFL, ligi kuu ya mchezo huu, mwaka 1986, yakaachwa baada ya msimu wa 1991, yakarejeshwa 1999 kwa utaratibu ambao kocha anaweza kupinga uamuzi. Tangu yaliporejeshwa, wazo lililoyaongoza lilikuwa kutenganisha mambo ya aina mbili. Aina ya kwanza ni yale yenye jibu moja lisilobishaniwa: mguu ulikanyaga mstari au haukukanyaga, goti liligusa chini kabla mpira haujaponyoka au baada yake, mpira ulivuka mstari wa goli au haukuvuka. Haya video huyapima vizuri. Aina ya pili ni yale yanayotegemea jicho na busara ya mwamuzi: je, mgongano ulikuwa mkubwa kiasi cha kuitwa faulo? Haya waliyaacha mikononi mwa waamuzi walioko uwanjani, kwa hofu kwamba yakifunguliwa yote, kila mchezo utasimama mara ishirini, maana karibu katika kila jaribio kuna mtu anayemshika mwenzake mahali fulani.

Hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi. Hata hivyo ilizaa jambo ambalo mtu wa kawaida hawezi kulikubali: waamuzi wangeweza kusimamisha mchezo kuchunguza kama kidole cha mguu wa Lewis kiligusa chokaa, lakini hawakuweza kuuchunguza mgongano uliomwangusha. Katika dakika mbili za mwisho kocha haruhusiwi kabisa kupinga uamuzi, na kazi hiyo hubaki kwa afisa wa marudio aliyeko juu uwanjani. Naye afisa huyo alifungwa na kanuni ile ile. Alichoweza ni kutazama tu.

Kwa nini waamuzi wenyewe hawakuona? Kuna saba uwanjani, na wawili walikuwa karibu na tukio. Refa mkuu, Bill Vinovich, alimwambia mwandishi aliyetumwa na wenzake baada ya mchezo kuwa huo ulikuwa uamuzi wa busara wa mwamuzi aliyelikabili tukio, na kwamba yeye mwenyewe hakuliona. Hilo laweza kusadikika, kwa kuwa kazi ya refa mkuu wakati wa pasi ni kumtazama kwotabeki. Kwa wale wawili sina utetezi mzuri. Naamini walikumbwa na jambo linalowakumba waamuzi wa michezo yote dakika za mwisho: woga wa kuwa wao ndio walioamua mshindi. Lakini kunyamaza nako ni kuamua. Robey-Coleman mwenyewe, alipoulizwa, alikiri kwamba alifika mapema na kwamba alitegemea kuadhibiwa. Siku chache baadaye ligi ilimtoza faini ya dola 26,739 kwa kugonga kwa helmeti, yaani adhabu ya mfukoni kwa tendo ambalo uwanjani halikugharimu hata yadi moja. Kocha wa Saints, Sean Payton, alieleza kuwa mkuu wa waamuzi wa ligi, Al Riveron, alimkiria kwa simu kuwa faulo ilistahili kutolewa, na kamishna wa ligi, Roger Goodell, alisema vivyo hivyo hadharani kabla ya Super Bowl.

Hapo ndipo wengi huishia, na hapo ndipo mimi naona mjadala unapoanza kunoga, kwa sababu kabla ya mwamuzi kunyamaza, kocha naye alikuwa amefanya uamuzi wake.

Rudi nyuma kwa majaribio mawili. Brees alikuwa ametoka kumpata Ted Ginn kwa pasi ndefu ya yadi 43 iliyowafikisha Saints kwenye ile yadi ya 13. Saa ilikuwa dakika 1 na sekunde 58. Kila timu hupewa nafasi tatu za kusimamisha saa katika kila nusu ya mchezo, na Rams walikuwa wamebakiwa na mbili. Sasa kuna kanuni moja ya saa ambayo ndiyo moyo wa habari hii: pasi isiyodakwa husimamisha saa yenyewe, bure, ilhali mchezaji akikimbia na mpira na kuangushwa ndani ya uwanja, saa inaendelea, na timu yenye mpira inaweza kukaa hadi sekunde 40 kabla ya kuanza jaribio jingine. Kwa hiyo timu inayotaka kula muda hukimbia na mpira. Timu inayotaka kuokoa muda hurusha.

Tufanye hesabu hiyo polepole. Kama Saints wangekimbia na mpira mara tatu bila kupata kitu, Rams wangelazimika kutumia nafasi yao ya kwanza baada ya jaribio la kwanza, na ya pili baada ya la pili. Baada ya la tatu wasingekuwa na kitu mkononi, na Saints wangeiacha saa ikimbie sekunde 40 nzima kabla ya kumwita Lutz. Mkwaju ungepigwa ule ule wa karibu, alama zingekuwa zile zile 3, na Rams wangepokea mpira wakiwa na takriban dakika moja na bila nafasi hata moja ya kusimamisha saa.

Payton hakukimbia. Katika jaribio la kwanza aliagiza pasi fupi kwa Michael Thomas, na mpira uligonga chini kabla ya kumfikia. Saa ikasimama bila Rams kugharimika chochote. Jaribio la pili Alvin Kamara alikimbia, hakupata hata yadi moja, Rams wakasimamisha saa kwa nafasi yao ya kwanza. La tatu ni lile la Lewis. Ndiyo maana Rams walipopokea mpira walikuwa na dakika 1 na sekunde 41 na nafasi moja mkononi. Kwotabeki wao, Jared Goff, aliwasogeza, na zikiwa zimebaki sekunde 15 mpigaji wao, Greg Zuerlein, alipiga mkwaju wa yadi 48 ukawa 23 kwa 23. Toka 1:41 hadi 0:15 ni sekunde 86. Kwa dakika moja tu, bila nafasi ya kusimamisha saa, safari ile ile isingewezekana kwa mwendo ule ule.

Wanaomtetea Payton wana hoja, na si hoja dhaifu. Saints walikuwa wamebanwa kila walipojaribu kukimbia na mpira siku hiyo. Mkononi alikuwa na mmoja wa warushaji sahihi zaidi katika historia ya mchezo huu na mpokeaji wa kutegemewa kama Thomas. Tachidauni, yaani kuufikisha mpira ndani ya eneo la goli, ingewaweka mbele kwa alama 7 pamoja na mkwaju wa ziada, na hapo Rams nao wangehitaji tachidauni ili kusawazisha, wala si mkwaju. Kocha anayetafuta kumaliza mchezo badala ya kuomba usimponyoke hastahili kuitwa mjinga. Hata hivyo, nikipima faida na hasara, bado naona alikosea. Kukimbia na mpira kwenye jaribio la kwanza kusingemnyima nafasi ya kurusha kwenye la pili au la tatu, ila kungewanyima Rams nafasi moja ya kusimamisha saa. Alitoa bure kitu ambacho mpinzani wake angelazimika kukinunua.

Je, basi kosa la kocha linafuta kosa la mwamuzi? Hapana, na hapa nasimama na watu wa New Orleans bila kusita. Kitambaa kingerushwa, Saints wangekuwa na majaribio mapya mbele ya goli, saa ikiwa 1:45 na Rams wakiwa na nafasi moja tu. Brees angepokea mpira na kupiga goti mara tatu, tendo ambalo kikanuni humaliza jaribio bila hatari yoyote: mara ya kwanza Rams wangesimamisha saa, mara ya pili sekunde 40 zingeyeyuka, mara ya tatu nyingine 40. Lutz angepiga mkwaju mfupi zikiwa zimebaki sekunde zipatazo 15. Kwa kutorusha kitambaa, mwamuzi aliondoa karibu ushindi mzima. Kocha aliondoa kinga ambayo ingewafaa hata mwamuzi akikosea.

Kwa haki ya Rams, niongeze kwamba katika robo hiyo hiyo ya nne Goff alivutwa kizuizi cha uso cha helmeti karibu na mstari wa goli la Saints, nayo ni faulo, nayo haikutolewa. Rams waliambulia alama 3 zilizoleta ile sare ya 20. Watu wa Los Angeles hulitaja hilo hadi leo, na wana haki kulitaja.

Katika muda wa nyongeza Saints walipata mpira kwanza, Brees akagongwa akiwa anarusha, na pasi ikanaswa na John Johnson wa Rams. Zuerlein akapiga mkwaju wa yadi 57, mchezo ukaisha 26 kwa 23.

Mashabiki wa Saints huko Louisiana walikwenda mahakamani. Walitegemea Kanuni ya 17 ya ligi, inayompa kamishna mamlaka ya kuingilia, hata kuamuru mchezo urudiwe, pakitokea jambo la dhuluma ya kupita kiasi. Lakini kanuni hiyo hiyo inasema wazi kwamba mamlaka hayo hayatumiki kwa makosa ya busara ya waamuzi, na kwamba michezo ya namna hiyo hubaki kama ilivyomalizika. Kesi zilitupwa. Rams walikwenda Atlanta na kufungwa 13 kwa 3 na New England Patriots.

Machi 2019 wamiliki wa timu walipiga kura 31 kwa 1 kuruhusu faulo za kumzuia mpinzani wakati wa pasi, zilizotolewa na zisizotolewa, zichunguzwe kwa video, kwa majaribio ya msimu mmoja. Hofu ya zamani ikajitokeza kwa sura nyingine: wachunguzi wa ligi walioko New York walisita mno kubatilisha uamuzi wa wenzao, kocha akawa anapinga jambo ambalo kila mtazamaji ameliona na kurudishiwa jibu kwamba halikuwa wazi vya kutosha. Tarehe 5 Januari 2020 Saints walirudi Superdome kwa mchezo mwingine wa mtoano, dhidi ya Minnesota Vikings. Katika muda wa nyongeza Kyle Rudolph wa Vikings alinyoosha mikono, akamgusa mlinzi wake, akaruka na kudaka tachidauni ya ushindi wa 26 kwa 20. Safari hii New York walikuwa na ruhusa ya kutazama. Walitazama, wakasema mguso upo lakini hautoshi kuwa faulo, na Saints wakatolewa tena. Msimu wa 2020 ulipoanza, ruhusa hiyo haikuwamo tena katika kanuni.