Je, wajua kwa nini alama za mkopo za Marekani (credit score, yaani namba inayoonyesha jinsi mtu anavyoaminika kulipa madeni) hupotea ukikaa nje ya nchi kwa muda mrefu?

Mtu anaweza kuishi Marekani miaka mingi, akalipa kadi zake bila kuchelewa hata mwezi mmoja, kisha akarudi Mombasa au Dar es Salaam kumuuguza mzazi au kusimamia biashara ya familia. Anaporejea Marekani baada ya miaka sita au saba na kuomba kupanga nyumba, anaelezwa kwamba hana alama za mkopo. Hilo huwaumiza wengi, kwa sababu mtu huona kama uaminifu wake wote wa zamani umefutwa, ilhali hana deni lolote alilolikimbia.

Jibu limo katika namna alama hizo zinavyotengenezwa. Kumbukumbu za mikopo za Wamarekani hutunzwa hasa na kampuni tatu binafsi, yaani Equifax, Experian na TransUnion, ambazo hupokea taarifa kutoka kwa mabenki na wakopeshaji wengine, kwa kawaida mara moja kwa mwezi. Taarifa hizo ndizo zinazopitishwa kwenye kanuni ya hesabu, na kanuni inayotumiwa zaidi ni ile ya FICO, iliyoanza mwaka 1989 na ambayo kwa kawaida hutoa alama kati ya 300 na 850. Ili FICO iweze kutoa alama, lazima jalada la mtu, yaani kumbukumbu zake za mikopo, liwe na angalau akaunti moja ya mkopo iliyofunguliwa miezi sita au zaidi iliyopita, na angalau akaunti moja ambayo taarifa zake zimepelekwa katika miezi sita ya karibuni. Sharti hili la pili ndilo linalomnasa aliyekuwa nje. Benki ikiona kadi haitumiki kwa muda mrefu huweza kuifunga, na akaunti ikishafungwa bila deni, benki huacha kupeleka taarifa zake mpya. Miezi sita ikipita katika ukimya huo, jalada linabaki pale pale, lakini alama hazihesabiki tena.

Jalada lenyewe nalo lina umri. Akaunti iliyofungwa ikiwa katika hali nzuri huweza kubaki humo hadi miaka 10, na malipo yaliyocheleweshwa hubaki miaka 7. Kwa hiyo aliyekaa nje miaka mitano yuko katika hali tofauti sana na aliyekaa miaka kumi na miwili. Wa kwanza bado ana historia iliyolala, na mara nyingi taarifa za akaunti moja mpya zikianza kupelekwa, alama zake hurudi upesi kwa kuwa rekodi za zamani nazo huhesabiwa. Wa pili huenda akakuta jalada tupu na kuanza sawa na mgeni aliyeshuka kwenye ndege jana.

Wengi huuliza kwa nini rekodi nzuri ya nyumbani isitumike. Mkenya aliyelipa mikopo ya simu kama Fuliza na M-Shwari pamoja na mkopo wa benki kwa wakati ana taarifa zake katika CRB, yaani kampuni za kutunza kumbukumbu za mikopo, na mojawapo ya kampuni zinazofanya kazi hiyo Kenya ni TransUnion ile ile ya Marekani. Hata hivyo jalada la Nairobi halionekani kwa mkopeshaji wa Minneapolis, kwa sababu kila nchi ina sheria zake za taarifa za wakopaji, namba zake za utambulisho na namna yake ya kuripoti. Zipo huduma chache zinazosaidia kusomesha historia ya nchi fulani kwa wakopeshaji wachache wa Marekani, na inafaa kumuuliza mkopeshaji kabla ya kuomba, ila usijenge mipango yako yote juu ya hilo.

Hatua ya kwanza ya kuanza upya ni kusoma jalada lako. Tovuti ya AnnualCreditReport.com hutoa ripoti za kampuni zote tatu bila malipo kila wiki, na kujiangalia mwenyewe hakupunguzi alama. Angalia majina yako kwa makini, kwani sisi wenye majina matatu mara nyingi tunakuta jina la babu limeandikwa la mwisho kwenye rekodi moja na limeachwa kwenye nyingine.

Ikiwa hakuna benki itakayokupa kadi ya kawaida, omba kadi ya mkopo yenye amana: unaweka fedha, mara nyingi kuanzia dola 200 hivi, na amana hiyo ndiyo inayokuwa kikomo chako cha matumizi. Hakikisha kwanza kwamba mtoaji hupeleka taarifa kwa kampuni zote tatu, vinginevyo unalipa bila kuonekana. Hapa ndipo penye jambo ambalo watu wengi hawaelezwi. Tuseme kikomo ni dola 300, nawe umenunua vitu vya dola 240 na kulipa zote kabla ya siku ya mwisho. Hutozwi riba wala huhesabiwi kuwa umechelewa, lakini benki kwa kawaida huripoti deni lililokuwapo kwenye kadi siku taarifa ya mwezi (statement) ilipofungwa, na siku hiyo ulikuwa umetumia asilimia 80 ya kikomo. Kiasi unachodaiwa kina uzito wa asilimia 30 hivi katika alama za FICO, na historia ya malipo ina asilimia 35. Ni afadhali kulipa dola 220 kabla taarifa haijafungwa, iripotiwe 20 tu, kisha umalizie hizo 20 kwa wakati. Anayekushauri uache deni livuke mwezi ili alama zipande anakupotosha, kwa maana riba haiongezi alama hata moja.

Ndugu au mwenzi mwenye kadi ya muda mrefu anaweza pia kukuandikisha kama mtumiaji wa ziada, na mara nyingi historia ya kadi hiyo itaingia kwenye jalada lako, pamoja na makosa yake akichelewa kulipa. Usiombe kadi nyingi kwa pamoja, kwani kila ombi linaweza kukupunguzia alama kidogo.

Kwa anayejiandaa kurudi nyumbani sasa, kinga yake ni nyepesi. Bakiza kadi moja isiyo na ada ya mwaka, ifungamanishe na malipo madogo ya kila mwezi, agiza benki ilipe salio lote yenyewe kutoka kwenye akaunti yako, na uache fedha za kutosha humo.